Uzoefu wangu: Pikipiki za theluji, West Yellowstone hadi Old Faithful

Natoa nyota nne kati ya tano kwa safari ya siku moja ya pikipiki za theluji (mashine ziitwazo snowmobile, zinazoteleza juu ya theluji) ambayo mimi na mke wangu tuliifanya mwezi Februari, kutoka mji mdogo wa West Yellowstone, jimboni Montana, hadi Old Faithful, chemchemi inayorusha maji ya moto juu, ndani ya Hifadhi ya Yellowstone. Nyota niliyoikata ni ya ofisi, wala haimhusu mwongozaji wetu.

Sisi tunaishi Houston, ambako joto na unyevu havipishani sana na Tanga nilikozaliwa, na baridi kali niliyokuwa nikiijua ni ya Lushoto mwezi wa Julai. Nilianza kupanga mwezi Oktoba, nikagundua mapema kwamba hifadhini hakuingiwi kiholela: idadi ya pikipiki kwa siku ina ukomo, kila kundi huwa na mwongozaji, injini sharti ziwe za aina iliyoidhinishwa kwa uchache wa moshi na kelele, na msimu wenyewe huanza katikati ya Desemba ukaisha katikati ya Machi. Wenye uzoefu wanaweza kujaribu bahati nasibu ya vibali ili wajiongoze wenyewe, lakini mtu ambaye hajawahi kuigusa mashine hiyo asijidanganye. Dereva lazima awe na leseni kamili ya gari. Mke wangu alikuwa bado na kibali cha kujifunzia, kwa hiyo akapanda nyuma yangu, jambo ambalo hakulifurahia.

Sasa lalamiko langu. Bei iliyotangazwa mtandaoni ilikuwa ya pikipiki tupu. Tulipofika kaunta tukaambiwa kwamba kiingilio cha hifadhi, mavazi ya baridi na bima ya uharibifu vinalipiwa kando, na juu ya hayo wakazuia dhamana kwenye kadi yangu, ambayo iliachiliwa baada ya siku 16 na simu tatu. Ulizeni jumla ya gharama kwa maandishi kabla ya kulipa chochote.

Kuhusu mavazi, nilikuwa nimevaa jinzi. Mwongozaji aliitazama tu, akanirudisha chumba cha kubadilishia nguo, akieleza kwamba pamba ikishika jasho hailikaushi, na mwili hupoa humo humo. Tabu yangu kubwa zaidi ilikuwa miwani: ndani ya helmeti pumzi yangu iliganda kwenye vioo, na katika dakika kumi za mwanzo niliiona taa nyekundu ya pikipiki ya mbele na si kingine. Tuliposimama, mwongozaji alikisukuma kile kipande laini cha helmeti kinachoziba pua hadi kikakaa chini kabisa ya fremu ya miwani, pumzi ikapata kutokea chini, nami nikaiona Montana kwa mara ya kwanza.

Kuendesha si kazi. Mafuta hubonyezwa kwa kidole gumba cha kulia, breki iko mkono wa kushoto, usukani unapashwa joto, na mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 56 kwa saa. Kwenda ni kama kilomita 48, barabara ikifuata mito ambayo maji yake ya uvuguvugu hutoa mvuke katikati ya theluji. Njiani mwongozaji aliinua mkono, tukasimama kando, na kundi la nyati wa Marekani likatupita taratibu, ndevu zao zimeganda barafu, hatua chache kutoka magotini petu. Mke wangu alikuwa amenibana mbavu kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

Old Faithful hufoka takriban kila baada ya dakika 90, hivyo tulipata muda wa kula. Chai ya tangawizi kwenye chupa ilikuwa bado ya moto. Maandazi yalikuwa mawe.

Kama ningepanga tena, ningefika siku moja mapema zaidi. Mji uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nasi tulitoka pwani, kichwa kikaniuma usiku kucha. Isitoshe, kutoka uwanja wa ndege wa Bozeman kuna kama kilomita 145 za barabara inayopita bondeni, yenye barafu, ambayo sikupenda kuiendesha gizani. Mke wangu alipata leseni yake mwezi Aprili, na ameshauliza bei ya pikipiki mbili.