Nibu ya G, brashi ya Series 7 au Micron: kipi cha kutilia wino katuni?

Tuanze na Micron ya Sakura, kalamu ya wino yenye ncha nyembamba, kwa kuwa ndiyo wengi wanayoinunua kwanza wanapoanza kuchora katuni. Wino wake ukikauka hauyeyuki kwa maji, haina habari ya chupa kumwagika mezani, na mkono uwe mzito au mwepesi, mstari ni uleule. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayomponza mchoraji. Mstari usionenepa wala kukonda unafaa kwa fremu za visanduku, madirisha, magari na majengo. Ukichorea uso wa mtu, uso unatoka kama ramani ya nyumba.

Namba zake nazo zinapoteza watu. Micron 01 si milimita 0.1, ni 0.25. Ile 005 ni 0.20, 05 ni 0.45 na 08 ni 0.50, kwa hiyo aliyenunua 05 na 08 amenunua karibu kitu kilekile mara mbili. Chukua 01 na 05, basi. Usiikandamize: ncha yake ni ya plastiki ndani ya mrija mwembamba wa chuma, na karatasi yenye mikwaruzo huila mpaka kile chuma kinaanza kukwangua. Raba ni shida nyingine. Ukifuta penseli juu ya mstari wa Micron, weusi unapauka na kuwa kijivu, kwa sababu sehemu ya wino imekaa juujuu na raba inaondoka nayo. Piga penseli hafifu tangu mwanzo, au tumia penseli ya bluu ya maji ya bahari ambayo huhitaji kuifuta. Unaiondoa kwenye kompyuta baada ya kuskani.

Kwa mwenye pesa ya kifaa kimoja tu, tunapendekeza nibu ya G, yaani ncha ya chuma inayochomekwa kwenye kipini na kuchovywa kwenye wino. Zebra, Nikko na Tachikawa wote wanaitengeneza huko Japani, na ni kalamu ya kila siku ya wachoraji wa manga, yaani katuni za Kijapani. Ni ngumu kiasi cha kuusamehe mkono mzito, lakini ukikandamiza inafunguka na mstari unavimba. Nibu moja ni rahisi kuliko Micron moja, na kipini unanunua mara moja. Nibu ya Hunt 102 ya Marekani ni ndogo zaidi na mstari wake ni mwembamba kama unywele, kwa hiyo inafaa nywele, mikunjo ya nguo na vivuli vya mistari. Ila kitako chake ni cha mviringo kama kimrija, kinataka kipini chake. Watu hununua nibu kumi wakifika nyumbani hazikai. Hunt 108 achana nayo kwanza. Ni laini mno, na anayeanza huipanua miguu, zile ncha zake mbili, siku ya kwanza isirudi tena.

Nibu mpya ina mafuta yanayozuia kutu njiani. Ukiichovya hivyohivyo, wino unajikunja matone na kuukimbia mstari. Ifute kwa pamba yenye spiriti, au isugue kwa dawa ya meno kidogo, suuza, kausha. Ukichovya, wino uishie kwenye kitundu cha katikati, usipande mpaka kwenye kipini, kisha gusisha tumbo la nibu kwenye mdomo wa chombo ili ziada ishuke. Wala usichovye kwenye chupa kubwa yenyewe. Mimina kidogo kwenye kizibo cha soda kilichogandishwa mezani kwa utepe wa gundi: hapo hutaizamisha nibu nzima, na wino uliobaki chupani hauchafuki kwa nyuzi za karatasi.

Nibu huvutwa, haisukumwi. Ukiisukuma mbele, ncha inachimba karatasi, inajikunja kama upinde, ikifyatuka inakurushia vitone ukurasa mzima. Geuza karatasi, si kiwiko. Mstari ukigawanyika katikati ukawa miwili kama reli, umekandamiza kuliko wino uliopo au umeenda haraka mno. Chovya tena, rudia taratibu. Na mstari ukianza ghafla kuwa mnene bila sababu, tazama ncha: kuna unyuzi wa karatasi umenasa. Utoe kwa kitambaa kisichotoa manyoya.

Unyuzi huo unatoka kwenye karatasi, na hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Wamarekani huchorea ubao wa Bristol, yaani karatasi nene na ngumu, wa inchi 11 kwa 17. Chagua ule laini kwa nibu. Ule wenye uso wa mikwaruzo ni wa brashi kavu, yaani brashi yenye wino kidogo tu. Manila za steshenari zetu zinatofautiana sana, rimu hadi rimu. Kabla ya kununua nyingi, chukua kipande, piga mistari kumi inayokatizana, subiri dakika tano. Wino ukitambaa pembeni kama mizizi, karatasi haikutiwa gundi ya kutosha na hakuna nibu itakayoiokoa. Sugua na raba pia. Ikitoka manyoya, rudisha.

Wino wa kujaza kalamu za ofisini haufai: ukipitishiwa rangi ya maji juu yake unayeyuka. Tafuta wino mweusi wa kuchorea usioyeyuka, kama Speedball Super Black au wa Pelikan. Usiutie kamwe kwenye kalamu ya kujaza. Unakaukia ndani na kuiziba. Ukikaa wazi unakuwa mzito, basi ongeza matone mawili matatu ya maji yaliyochujwa na ukoroge kwa kijiti. Kutikisa chupa kunaleta povu.

Brashi ya Winsor & Newton Series 7, namba 2 au 3, ina nywele za mkia wa mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche. Hakuna nibu inayoweza kutoka wembamba wa sindano hadi mstari mnene kwa pigo moja kama hii. Bei ni kubwa, na mzembe anaiua kwa wiki: wino ukipanda hadi kwenye kola ya chuma, unakauka humo na kuzipasua nywele pembeni. Chovya nusu ya urefu wa nywele tu, suuza kila baada ya dakika chache, jioni osha kwa sabuni ya kipande, chonga ncha kwa vidole, ilaze. Usiisimamishe kwa kichwa ndani ya kikombe. Anayetaka brashi bila adha hiyo achukue Pentel Pocket Brush, yenye nywele za nailoni na katriji za wino usioyeyuka. Tatizo lake ni kukauka: juu ya karatasi laini, nyeusi nene inataka dakika kadhaa, na kiganja kikipita mapema, kazi imekwisha.

Chochote ulichoshika, kumbuka ukurasa utapunguzwa. Ukichora A3 ikachapwa A4, inabaki asilimia 71. Mstari wa milimita 0.20 unakuwa 0.14, na vivuli vya mistari iliyobanana vinazibana na kuwa doa. Acha nafasi kati ya mistari isiyopungua unene wa mstari wenyewe, na skani kwa nukta 600 kwa inchi.

Wakazi wa Pwani, futeni nibu ikauke kabisa na muitunze kwenye kopo lenye punje za mchele mkavu. Chumvi ya hewani huila hata ikiwa ya kromu.

Kusahihisha, Tipex inafunika vizuri lakini inaacha kinundu kinachopasuka nibu ikipita juu yake. Gwashi nyeupe, yaani rangi nzito ya maji inayofunika, tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, inakubali wino tena ikikauka.