Kisomea gari cha ELM327 na taa ya cheki injini iliyogoma kuzima: uzoefu wangu Dodoma

Naanza na hukumu, maana najua wengine mnasoma hapa mkiwa mmesimama gereji. Hiki kifaa kidogo cha ELM327 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari kupitia simu, kinastahili hela yake. Ila kinakuambia taa inalalamikia nini tu, hakikuambii ukanunue nini. Gereji nyingi hapa mjini huchanganya hayo mawili, na anayelipia mchanganyo huo ni mwenye gari.

Changu nilikipata kwa shilingi 25,000. Ni kopi ya Kichina, plastiki ya buluu, haina hata jina. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, unafungua swichi bila kupiga injini, unakiunganisha na simu kwa namba ya siri 1234, basi. Programu yenyewe ni ya Kiingereza na matangazo yake yanakera, lakini namba za hitilafu zinasomeka vizuri.

Gari yangu ni mtumba wa Japani, kama nyingi mnazoziona zikipita Nkuhungu na Area C. Taa iliwaka, ikapimwa, ikatoa P0135: saketi (njia ya umeme) ya hita ya sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni kwenye moshi, ile ya mbele kabla ya katalisti, yaani kisafisha moshi cha kwenye ekzosi. Sensa hiyo ina hita ndani kwa sababu haisomi chochote mpaka ipate moto. Hita ikilala, injini inakaa muda mrefu ikimwaga mafuta bila taarifa ya sensa, na asubuhi za Dodoma za mwezi wa saba utaliona hilo kwenye geji ya mafuta. Sensa ikabadilishwa. Taa haikuzima.

Fundi akachomoa tamino ya betri (kile kibanio cha waya), akangoja, akairudisha. Taa ikazima na kila mtu akafurahi. Sasa hapa ndipo pa kuwa makini: ukichomoa tamino unafuta namba ya hitilafu, unafuta kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa linatokea, unafuta na marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta ilikuwa imejifunza. Redio nayo inasahau stesheni zote. Taa kuzima kwa njia hiyo si ushahidi wa chochote. Nilishika barabara ya Singida, na kabla sijafika Nala ikawaka tena.

"Bosi, sensa za siku hizi feki tupu. Tuagize nyingine Dar."

"Fundi, ngoja tuisome kwanza."

Ikatoka P0135 ileile. Mimi kwangu hiyo ilikuwa habari nzuri. Kama ingetoka namba nyingine, tungesema sensa mpya imefichua ugonjwa mwingine. Namba ileile, tena imerudi haraka hivyo, ina maana kompyuta imejaribu kupasha hita na bado haioni umeme ukipita sawasawa. Na namba inasema saketi. Fyuzi ni saketi, waya ni saketi, plagi ni saketi. Fyuzi ilikuwa nzima.

Nikafungua ukurasa wa kuangalia data injini ikiwa inaunguruma, na kwa ukurasa huo peke yake hela yangu ilirudi. Sensa ya kawaida ya oksijeni ikishapata moto haitulii, inapanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 muda wote. Yangu ilikuwa imekaa palepale, hata nikikanyaga mafuta haisogei. (Kama gari yako inatumia ile sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, usitafute mchezo huo, usomaji wake ni tofauti kabisa. Na usikubali kufungiwa ya kawaida mahali pake eti kwa kuwa nati inaingia.)

Nikaenda kwa fundi umeme mwingine, kijana asiye na maneno mengi. Akavua tepu nyeusi pale sensa ilipoungwa. Kumbe tulikuwa tumefungiwa sensa ya kuunga, isiyo na plagi yake, na waya zilioanishwa kwa rangi. Waya za upande wa plagi ya zamani zilikuwa nyeusi mbili za hita, buluu ya taarifa, nyeupe ya ardhi. Sensa mpya ilikuwa na nyeupe mbili za hita, nyeusi ya taarifa, kijivu ya ardhi. Ukiunga nyeusi kwa nyeusi na nyeupe kwa nyeupe, umeshaharibu. Alipima kwa mita zile nyeupe mbili za sensa, akapata omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) chache tu, yaani hita nzima. Sensa "feki" ilikuwa haina kosa. Akaunga upya kwa viungio vya kubana, si kwa kuchomelea risasi, maana sensa nyingi za aina hii huvuta hewa ya kulinganishia kupitia waya zake.

Nikafuta namba kwa simu, injini ikapata moto, volti zikaanza kucheza. Taa haijarudi mpaka leo.

Kasoro zake: Bluetooth hukatika ghafla, goti linakigonga ukipanda, na ukikisahau kimechomekwa kinanyonya betri. Taa ya ABS (ya breki) na ya mifuko ya hewa changu hakizisomi kabisa. Kubwa kuliko zote, baadhi ya magari ya zamani ya soko la Japani hayasemi lugha yake. Ya jirani yangu yalikataa katakata, ingawa soketi ni ileile. Kwa hiyo mwambie muuzaji utakijaribu kwenye gari yako kabla ya kulipa. Akikataa, nenda duka la pili.