Filamu au dijitali kwa picha za kuuza? Jibu nilipewa kaunta

Swali hili nimelizungusha kichwani tangu nianze kuuza picha kwa mawakala wa ng'ambo. Majuzi nikajibiwa kwenye studio moja hapa Kisumu mjini, na hadi sasa damu inanichemka.

Nilikuwa nimepeleka filamu ya negativi niliyopiga Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria, wavuvi wa omena wakirudi alfajiri, karabai bado zinawaka mashuani. Nilipoichukua, kila picha ilikuwa na mkwaruzo ulionyooka, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Ukiinua negativi dirishani unauona ukipita kwenye tanga, unakata shavu la mzee aliyeshika kasia, kisha unaingia majini. Filamu za kamera hiyohiyo zilizooshwa kwingine hazina hata alama. Hiyo ni chembe ya mchanga kwenye roli za mashine yao. Nilipomwonyesha kijana wa kaunta, akaikamata katikati ya picha kwa vidole vya mafuta ya chipsi. "Mzee, nani bado anatumia filamu? Nunua dijitali." Halafu, "Lipa kwanza ndio uende nazo." Pole hakusema. Nililipa.

Kinachoniuma ni kwamba hesabu ziko upande wake. Zamani mawakala kama Alamy walidai faili ya megabaiti 48 ikifunguliwa, yaani bila kubanwa. Negativi ya milimita 35 ukiiskani kwa nukta 4000 kwa inchi unapata kama 64. Kamera ya megapikseli 6 ilitoa 18 tu, ikabidi picha ivutwe kwa programu. Leo kamera ya megapikseli 24 inatoa 72, tena bila zile chembechembe za filamu ambazo wakaguzi huzikataa wakiikuza picha. Kwa biashara basi, dijitali. Nimemaliza.

Hapana, sijamaliza. Lipige tanga jeupe saa sita mchana kwa dijitali, mwanga uzidi kidogo tu: linabaki doa tupu, na hakuna programu itakayorudisha mshono ambao sensa, kile kipande cha kamera kinachonasa mwanga, haikuunasa. Negativi ina huruma. Unaizidishia mwanga stopu mbili, yaani mara nne, na bado viraka vya tanga unavihesabu kimoja kimoja. Kwa hivyo asiniambie mtu kwamba filamu imeshindwa na sensa. Inauawa na watu wasiobadilisha dawa kwa wakati, wasiopangusa mashine, wasiojua kumwomba mteja radhi!

Za kuuza nitaendelea kupiga kwa dijitali, shingo upande. Lakini anayejua mahali Kisumu, Kakamega au hata Nakuru wanapoosha filamu kwa mikono safi, tafadhali aniambie. Nina roli nyingine ya filamu kwenye friji, na pale siipeleki hata wakisema wataiosha bure.