The Witcher 3 hadi kona ya mwisho: uzoefu wangu, pamoja na nyongeza zake

Hapa Lubumbashi, ukisema gemu watu wanaelewa mpira. Ingia sale yoyote (ukumbi wa gemu) ya Katuba au Kamalondo: unatoa franki zako, unacheza mechi, ukifungwa unampa mwenzako manete, yaani kidhibiti cha gemu, na kurudi kwenye benchi. Nimekulia humo. Kwa hiyo wenzangu waliposikia nimenunua The Witcher 3: Wild Hunt, kazi ya Wapolandi wa CD Projekt Red ya mwaka 2015, walinicheka, na cheko lao lilikuwa na maana. Gemu hii haichezwi kwa zamu.

Nilichukua toleo kamili la PS4, diski ya mkono wa pili, lenye nyongeza zote mbili, yaani hadithi za ziada: Hearts of Stone ya Oktoba 2015 na Blood and Wine ya Mei 2016. Kwa bei ya megabaiti za huku, usinunue gemu tupu ukijipa moyo kwamba nyongeza utazishusha baadaye. Raha nyingine kwetu tuliosomea Kifaransa: unaweza kuchagua wahusika waongee Kifaransa kwa sauti, si kwa maandishi tu. Na wanaongea, jamani! Kibibi kizee wa White Orchard, eneo la mwanzo wa gemu, anakutuma ukamtolee kikaango chake ndani ya kibanda kilichofungwa, unadhani ni utani, kumbe mle ndani kuna maiti na kisa chake.

Nilicheza kwenye ugumu wa juu kabisa, Death March. Huko kukaa na kutafakari hakurudishi uhai, inabidi ule chakula au unywe dawa. Kabla ya kumfuata mnyama unafungua kitabu cha viumbe, unasoma anaogopa mafuta gani na ishara gani (uchawi wa mkono), unapaka upanga, ndipo unatoka. Anayekimbilia kupiga hafiki mbali. Mimi, mtu wa mechi fupi, hapo ndipo nilipotulia. Mbwamwitu wa kawaida tu, nilikuwa namzunguka kama fundi anayekagua pikipiki ya mteja mbishi.

Kuna jambo hutalisoma kwa wakaguzi wa Ulaya: usiiache konsoli ikiwa imelala ukitegemea kuendelea kesho. Umeme ukikatika, ulipoishia panapotea. Hifadhi mwenyewe, kwa mkono, kila unapoona vita inakuja, maana ukiwa ndani ya vita huruhusiwi kuhifadhi.

Sasa karata za Gwent, mchezo wa karata ulio ndani ya gemu. Kombe la platinamu, tuzo ya PlayStation ya kukusanya makombe yote, linadai ukusanye karata zote za gemu ya msingi: nyingine zinauzwa, nyingine unazishinda kwa wafanyabiashara na wenye baa, nyingine zimejificha ndani ya kazi maalumu. Tafuta kitabu kiitwacho A Miraculous Guide to Gwent, kinauzwa na mfanyabiashara karibu na daraja la Mtakatifu Gregory mjini Novigrad. Kitakuonyesha karata ngapi bado hujapata, na zinapatikana wapi. Bila hicho unazunguka vijijini kama mkusanya kodi. Niliipenda kazi hii, maana kila karata ina mtu nyuma yake, na mtu huyo ana la kusema.

Visiwa vya Skellige ni habari nyingine. Ramani imejaa alama za kuuliza baharini, na nyingi ni mapipa ya magendo. Unapiga kasia, nguva wenye mabawa wanakushukia kutoka angani, unazamia, unapata upanga usio na kazi. Unarudia. Kombe lolote halidai mapipa hayo. Niliyamaliza yote, na nasema waziwazi: hapo hakuna subira ya kujifunza, ni kibarua bila mshahara. Yapite.

Cha ajabu, hilo kombe la platinamu halidai nyongeza hata moja. Watu wanalipata, wanazima, wanauza diski, na wanaacha sehemu tamu kuliko zote. Kwenye Hearts of Stone kuna mzimu unaingia mwilini mwa Geralt, mwindaji wa mazimwi unayemchezesha, usiku mmoja wa harusi, na yule mzee mkavu anageuka mlevi wa maneno. Blood and Wine inakupeleka Toussaint, nchi ya mizabibu, unapewa shamba na nyumba yako mwenyewe. Mwaka 2016 ilishinda tuzo ya gemu bora ya RPG (gemu ya kuvaa nafasi ya mhusika) kwenye The Game Awards, nyongeza ikizipita gemu nzima. Lakini kilichonimaliza ni kazi moja ya benki: Geralt anakwenda kuchukua pesa zake, anaambiwa kwenye vitabu amekufa. Dirisha hili linamtuma lile, lile linafunga kwa mapumziko. Yeyote aliyewahi kufuatilia muhuri kwenye ofisi atacheka mpaka alie.

Alama zangu: tisa kwa kumi. Moja imezama Skellige. Ukitaka kurudia kuna New Game Plus, unaanzia ngazi ya 30 au zaidi na silaha zako, ila karata zote za Gwent zinafutwa. Mimi nimeweka manete chini. Mdogo wangu ndiye ameanza, na tayari ameniuliza mara mbili yule muuza kitabu yuko daraja gani.