Neva ya kulia imening'inia hewani, nao wananiambia nilipie kifurushi cha juu

Naanza na nyota tatu. Nikimaliza kuandika huenda zikashuka, maana kila nikikumbuka jibu la huduma kwa wateja damu inanichemka.

Nazungumzia programu moja ya anatomia ya pande tatu, ya kulipia kwa mwaka, ambayo wanafunzi wa tiba na uuguzi wanatumiana sana kwenye magrupu. Jina naliacha. Kasoro ninayoieleza inaweza kuwamo kwenye programu yoyote iliyotengenezwa kwa njia ileile, na ninachotaka ni kila mtu ajue kuikagua ya kwake.

Kasoro ni hii. Fungua kifua. Ficha mfupa wa kidari, mbavu, mapafu yote mawili na vena kubwa za juu. Bakiza moyo, aota (ateri kuu inayotoka kwenye moyo) na matawi yake, trakea (bomba la hewa), umio (bomba la chakula) na neva. Anza na neva ya vegasi ya kushoto, ile ndefu inayotoka kwenye ubongo, ifuate kutoka shingoni. Inapita mbele ya upinde wa aota, na hapo inatoa tawi linaloitwa rikarenti ya zoloto. Tawi hilo linapita chini ya upinde, linageuka, kisha linapanda katika mfereji ulio kati ya trakea na umio mpaka kwenye zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Hapo wamechora sawasawa. Sasa hamia kulia. Rikarenti ya kulia inapaswa kuanzia juu, chini ya shingo, ikizunguka ateri ya sabklavia, ile inayopita nyuma ya mtulinga. Kwenye programu hii inaipita sabklavia kana kwamba haipo, inateremka hadi usawa wa upinde wa aota, inajikunja kando ya trakea mahali pasipo na mshipa wowote, halafu inapanda. Imezunguka hewa.

Ukiona kosa la namna hiyo, sababu yake haiko mbali. Wachoraji wa modeli hizi hutengeneza nusu moja ya mwili, kisha kompyuta inaigeuza kama kwenye kioo kupata nusu ya pili, kama fundi cherehani anavyokunja kitambaa mara mbili akakata upande mmoja tu. Kwa mifupa na misuli ya mikono na miguu, njia hiyo haina tatizo kubwa. Ndani ya kifua na tumbo inaleta balaa. Moyo, ini na tumbo la chakula huchorwa peke yake, kwa sababu hata mtoto wa shule angeona kuna kitu hakiko sawa. Neva na vena ndogo ndizo husahaulika, nazo ndizo zinazoulizwa kwenye mtihani wa mdomo, na ndizo zinazokatwa kwa bahati mbaya kwenye chumba cha upasuaji.

Tofauti ya pande hizi mbili inaanza kwenye kiinitete. Rikarenti zote mbili huanza zikiwa chini ya upinde wa 6 wa ateri za mwanzo, zile jozi za mishipa ya kiinitete zinazohesabiwa kutoka juu kwenda chini. Kushoto, sehemu ya nje ya upinde huo inabaki, ndiyo daktasi ateriosasi, mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aota, ambao baada ya mtoto kuzaliwa hujifunga na kuwa ligamenti, kamba tu isiyopitisha damu. Moyo ukishuka kifuani, neva inavutwa nao chini. Kulia, sehemu hiyo ya upinde wa 6 inatoweka, wa 5 nao haupo, kwa hiyo neva inapanda na kushikwa na upinde wa 4, ambao upande huo unakuwa mwanzo wa sabklavia. Mwanafunzi akielewa aya hii moja hahitaji kukariri kitu. Akiangalia modeli ya kioo, hakuna atakachoelewa, maana neva aliyoonyeshwa haina sababu ya kuwa pale ilipo.

Na jambo hili si la kufaulia mtihani tu. Rikarenti inaendesha misuli yote ya ndani ya zoloto isipokuwa mmoja, krikothairoidi, ambao unapata neva yake kutoka tawi la nje la neva ya juu ya zoloto. Ikikatwa upande mmoja, mgonjwa anatoka kwenye upasuaji wa thairoidi, tezi ya shingoni, sauti imekwaruza. Zikikatwa zote mbili, anaweza kushindwa kupumua. Daktari anayemwona mtu mwenye sauti iliyokwaruza kwa wiki nyingi anatakiwa kufikiria kifua, hasa upande wa kushoto, kwa kuwa neva ya kushoto ndiyo inayoshuka hadi kwenye aota. Uvimbe wa pafu la kushoto au aota iliyotanuka inaweza kuibana huko. Tena kuna watu, chini ya 1 kati ya 100, ambao rikarenti yao ya kulia haizunguki kabisa, inatoka kwenye vegasi moja kwa moja kwenda kwenye zoloto. Hiyo hutokea sabklavia ya kulia inapochomoza mahali pasipo pake, mwishoni mwa upinde wa aota. Utamfundishaje mtu hali hiyo wakati ile ya kawaida yenyewe umeichora uongo?

Lililonitoa kwenye subira ni maswali. Programu inatunga maswali kutokana na modeli yake yenyewe. Swali: rikarenti ya kulia inazunguka nini? Nikajibu sabklavia. Kikatokea kisanduku chekundu: si sahihi, jibu ni upinde wa aota. Kisha mfumo wake wa marudio, ule unaokurudishia mara nyingi zaidi kile ulichokosea, ukaanza kunirudishia swali hilohilo. Fikiri mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliye peke yake na simu yake, anayejua jibu sahihi kutoka darasani. Atalazimishwa kuliacha, na atalazimishwa tena na tena mpaka uongo ukae kichwani. Programu imegeuza ukweli kuwa kosa linalohitaji mazoezi.

Niliwaandikia. Nikaambatanisha picha za skrini, nikachora mshale mahali neva inapopinda, nikaeleza inatakiwa izunguke nini na kwa nini. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine: futa programu, isakinishe upya, hakikisha una intaneti ya kutosha. Nani hapa amelalamikia intaneti? Nikaandika tena. Safari hii akajibu mtu, akasema modeli zao zimehakikiwa na wataalamu na zimerahisishwa kwa ajili ya wanafunzi, na kwamba kama ninahitaji kiwango cha daktari bingwa kuna kifurushi cha juu.

Zimerahisishwa! Kurahisisha ni kuacha kitu. Ukiniachia tawi dogo la neva ili picha isijae, nitakuelewa. Kuhamisha neva kutoka sabklavia hadi kwenye hewa ni kosa, na kunitoza fedha zaidi ili nionyeshwe mahali ilipo ni kunidharau. Kifurushi chenyewe cha juu nimekiona kwenye tableti ya mwenzangu. Neva ni ileile. Kilichoongezeka ni video za upasuaji na rangi za ngozi.

Niwatendee haki hata hivyo. Mguu wao ni mzuri kuliko mguu wowote niliouona kwenye simu. Unyayo una matabaka manne ya misuli, na unaweza kuvua tabaka moja moja bila mengine kuchezacheza. Handaki la tasali, njia ya kano, mishipa na neva nyuma ya kifundo cha ndani, limepangwa kwa mfuatano sahihi: kano ya tibialisi ya nyuma, kano ya msuli mrefu wa kukunja vidole, ateri na vena, neva ya tibia, kisha kano ya kukunja kidole gumba. Fiziolojia ni video fupi tu, lakini ile ya nefroni, vichujio vidogo vya figo, inasema kweli: glomeruli, vifundo vya mishipa midogo ndani yake, huchuja lita 180 hivi kwa siku, na kinachotoka kama mkojo ni lita 1 au 2. Nikiwa kwenye mguu nasema fedha yangu haikupotea. Nikirudi kifuani nasema imepotea yote.

Nilipoona ya neva nikakagua na tumbo. Vena ya korodani ya kulia inamwaga kwenye vena kava ya chini, ile kubwa inayorudisha damu ya sehemu za chini kwenye moyo, kwa pembe kali. Ya kushoto inamwaga kwenye vena ya figo ya kushoto, kwa pembe mraba. Hiyo ni miongoni mwa sababu varikosili, yaani kuvimba kwa vena za korodani, huonekana zaidi kushoto, na ndiyo maana mwanaume mtu mzima anayepata varikosili ya ghafla upande huo anapaswa kupimwa figo. Kwenye programu hii zote mbili zinaingia kwenye vena za figo. Kioo tena.

Basi kabla hujalipia programu yoyote, tumia siku zake za majaribio kukagua kile ambacho kioo hakiwezi kukipata. Anza na bronkasi kuu, mirija miwili ambayo trakea inagawanyika kuingia mapafuni: ya kulia ni pana zaidi, fupi zaidi, na imesimama wima zaidi, ndiyo sababu punje ya karanga iliyovutwa na mtoto huangukia kulia mara nyingi. Angalia karotidi, ateri kubwa za shingoni: ya kulia inatoka kwenye shina la brakiosefaliki, tawi la kwanza la upinde wa aota, ya kushoto inatoka kwenye aota yenyewe. Vena ya azigosi iwe kulia kwa uti wa mgongo, ikipinda juu ya bronkasi ya kulia kuingia vena kava ya juu. Ukikuta ina pacha anayefanana nayo kabisa kushoto, funga programu. Mfereji wa limfu wa kifua umwage kushoto, pale vena ya sabklavia inapokutana na jagula ya ndani, vena ya shingoni. Vena ya tezi ya adrenali, iliyo juu ya figo, kulia ni fupi na inaingia vena kava moja kwa moja. Kushoto inapitia vena ya figo. Figo ya kulia iwe chini kidogo ya ya kushoto. Mwisho fungua maswali, utafute yanayotaja upande. Programu isiyo na swali hata moja linalotenganisha kulia na kushoto haiaminiki kwa kifua wala tumbo.

Ukitaka kuhakikisha kwa mwili halisi, bure, upo mradi wa Visible Human wa Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Mwili wa mwanaume ulitolewa 1994, umekatwa vipande vya milimita 1. Wa mwanamke 1995, vipande vya milimita 0.33. Faili kamili ni kubwa mno kwa bando la simu, kwa hiyo chukua picha chache za kifua tu, kuanzia usawa wa mtulinga hadi chini ya upinde wa aota. Neva yenyewe ni nyembamba, usitegemee kuiona kila kipande, lakini utaona sabklavia na upinde viko wapi, na hilo linatosha kukwambia kuwa kulia, kule chini, hakuna upinde wa kuzungukwa. Mwanaume huyo alikuwa na korodani moja tu. Mwili wa kweli haufuati kioo.

Kwa maandishi, kitabu cha anatomia na fiziolojia cha OpenStax, kinachotolewa na Chuo Kikuu cha Rice, ni bure na kina sura 28. PDF yake ishushe ukiwa kwenye Wi-Fi. Kwa bando, soma ukurasa mmoja mmoja kwenye tovuti. Fiziolojia yake ni imara, ila kwa matawi ya neva utahitaji kitu kingine. Hapo tovuti ya TeachMeAnatomy inasaidia, na maelezo yake unaweza kuyasoma bila kulipa. Michoro ya kitabu cha anatomia cha Gray, toleo la 1918, imo Wikimedia Commons, haina hakimiliki, na mishipa imechorwa kwa uangalifu ambao programu nyingi za leo hazina. Majina tu ndiyo ya zamani: shina la brakiosefaliki utalikuta likiitwa ateri ya inominata.

Maswali tengeneza mwenyewe kwenye Anki, programu ya kadi za marudio, ambayo kwa Android na kompyuta ni bure. Usiandike kadi moja ya "rikarenti". Andika ya kulia peke yake, ya kushoto peke yake, na ya tatu inayouliza kwa nini zinatofautiana. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokuokoa mbele ya mtahini.

Nyota zangu: nilisema tatu. Kwa mguu ningetoa nne, na nilitaka kusimama kwenye mbili kwa ajili ya kuwatendea haki. Lakini nimesoma upya ile barua yao, na mtu anayeuza anatomia akaambiwa kuwa neva iko mahali pasipo pake, akajibu kwa bei, nampa moja.

Kwa waliokwisha kunasa: kufuta programu kwenye simu hakusitishi usajili, fedha itaendelea kukatwa. Ingia Play Store, gusa picha yako juu kulia, nenda kwenye malipo na usajili, chagua programu, kisha ghairi. Utaendelea kuitumia hadi muda uliolipia uishe. Kama umekatwa sasa hivi, omba kurudishiwa kupitia Google ndani ya saa 48, maana baada ya hapo watakuelekeza kwa mtengenezaji, na mtengenezaji wa hii atakwambia uisakinishe upya.