TAHADHARI BUKAVU: "kadi ya giga" ya Nyawera ni ya megabiti 100, na programu yake ina mlango wa nyuma

Ndugu zangu, ile seva yetu ya simu (kompyuta inayopitisha simu kwa mtandao) mnaijua. Sikieni kadi ya mtandao tuliyouziwa Nyawera kwa dola 40.

Boksi limeandikwa Intel, giga 1 (megabiti 1000 kwa sekunde), PCI Express x1. Juu ya chipu kuna stika ya rangi ya fedha. Muuzaji aliipachika mbele yetu, polepole, akisafisha nafasi yake kwa brashi. Akaingia BIOS (mipangilio ya mwanzo ya mashini) akazima Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizoaminika mashini inapowaka): "Bila hivyo programu ya mawasiliano itaikataa kadi." Akachomeka flashi, akafungua dirisha jeusi, akaandika amri moja, mashini ikazima na kuwaka. Akaweka draiva (programu inayoendesha kadi). Jina likatokea: Intel, Gigabit. Taa ya kijani ikawaka. Akapiga simu ya majaribio, sauti safi kabisa. Akaandika risiti, garantii miezi 6. Ukimuuliza chipu gani, anajibu 82574L bila kusita, na Intel kweli wana chipu hiyo. Mtu wa namna hiyo, nani angemshuku?

Ile simu haikuthibitisha kitu. Simu moja ya G.711 (namna ya kawaida ya kupitisha sauti kwa mtandao) inakula kilobiti 90 hivi kwa sekunde kila upande. Hata kadi ya megabiti 10 ingeipitisha. Uongo ulionekana wakati wa kunakili rekodi: megabaiti 11 kwa sekunde (sawa na megabiti 90 hivi), haipandi. Giga halisi hufika karibu 110. Stika ilipobanduliwa, chini yake Realtek, kampuni nyingine kabisa.

Alipoulizwa akasema kebo yetu ina waya 4. Ni kweli giga inataka waya zote 8, na kwa 4 unabaki 100. Lakini kebo ileile, switchi ileile, kwenye mashini nyingine ilitoa giga 1. Anaujua ukweli, anautumia kuibia watu!

Ile amri ya dirisha jeusi ni bcdedit /set testsigning on. Secure Boot ikiwa imewashwa haikubali, ndiyo maana aliizima. Baada ya hapo Windows inapokea draiva ambayo sahihi yake haithibitiki. Faili ya INF, inayoipa Windows jina la kadi, ni maandishi tu: alibadilisha jina, basi. Na programu ya flashi iliweka huduma ya kuingia mashini kwa mbali, inayojiwasha yenyewe. Kwenye seva ya simu! Akichukua nywila za SIP (za akaunti za simu za mtandao), watu watapiga simu za nje kwa bili yako. Huyo si wa kurudisha dola 40 tu, ni wa kufikishwa parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na mashini zote alizogusa zikaguliwe kwa gharama yake. Afungiwe duka.

Dalili: maneno "Mode test" kona ya chini kulia ya skrini. Kwenye "Détails" za kadi, ndani ya "Gestionnaire de périphériques", namba ya mtengenezaji Intel ni VEN_8086; hii inasema VEN_10EC&DEV_8136, yaani Realtek ya megabiti 100.

Mliokwisha nunua, chomoeni kebo kwanza. Kisha testsigning off, Secure Boot iwashwe, na Windows iwekwe upya; kufuta ile programu peke yake hakutoshi. Nywila za SIP mbadilishe kwenye mashini nyingine, leo hii. Kadi, stika na risiti msitupe: parke watavitaka.