TAHADHARI: Muuza flopi "mpya za kiwandani" Darajani ni tapeli

Asalamu alaykum jamani. Nimekaa na hili mpaka kifua kinauma. Yule anaeuza flopi za inchi tatu na nusu, zile diski za plastiki za kuwekea mafaili, kwenye kile kichochoro cha maduka ya simu, Darajani, ni mwizi. Tena mwizi wa mchana kweupe, anakuibia huku anakupa kahawa.

Mashine yangu ya darizi mnaijua, haina tundu la flashi na haitakuwa nalo. Na kabla hamjaanza kunicheka "mwaka huu bado flopi?", nendeni kwa mafundi wa taraza wenye mashine za Kijapani za zamani mkaangalie wanatumia nini. Mshono mmoja kwenye faili la DST, lile la mashine za darizi, ni baiti 3 tu. Uwa la shingo la mishono elfu 10 ni kilobaiti 30 na kidogo, kwa hivyo flopi moja ya megabaiti 1.44 inabeba mauwa zaidi ya arubaini. Mie kazi yangu yote inakaa kwenye kisanduku cha biskuti. Hiyo flashi ya gigabaiti 64 nitie nini?

Sasa sikilizeni alivyonifanya. Nimefika pale, "karibu dada'angu, kaa, hujambo, watoto hawajambo?" Kahawa imekuja. Paketi kazipanga kwenye kaunta, nailoni imebana, inang'ara, lebo nyeupe pee. Nikamuuliza, hizi si za kuokota? Akacheka. "Za kuokota vipi? Hizi zimetoka kiwandani mwaka huu huu, kontena limeshuka juzi tu."

Nikamwambia mie sinunui mbuzi kwenye gunia. Akasema hewala, chagua mwenyewe. Na kweli nilichagua mwenyewe! Nilitoa paketi ya chini kabisa, nikaichana kwa mkono wangu, nikavuta flopi ya katikati, sio ya juu. Akachomeka draivu ya nje kwenye laptopu yake, akaifomati mbele yangu. Ule mlio wake mnaujua, krr, krr, krr, mpaka asilimia mia. Akanambia haya, tia faili lako. Nikatia uwa langu, nikalifungua, likafunguka. Nikalifuta, nikalitia tena, likafunguka tena. Nambieni nyie, hapo mtu aangalie nini zaidi? Apige ramli?

Na pembeni kakaa mzee mmoja na tasbihi yake. Kila bwana akitia neno, mzee anaitikia, "na'am, huyu hana dhulma." Sasa nnajua yule mzee yuko pale kwa kazi gani. Mwenyezi Mungu anamuona.

Elfu 30 paketi moja. Nikachukua zote alizokuwa nazo, nikamrushia pesa kwa simu nikiwa nimekaa pale pale, kwa sababu nna kanzu za harusi, bwana harusi na wenziwe, na flopi zangu za zamani zimeshaanza kuchoka.

Jioni nimetia mauwa yote, mashine imesoma, nimelala na furaha zangu. Asubuhi flopi ile ile, mashine hiyo hiyo, hamna kitu. Nyengine, nusu ya mauwa yamepotea. Nikatia ya tatu, ikalia kwiii mpaka mtoto akatoka chumbani. Nimeitoa, nimesogeza kile kibati cha mbele nikaigeuza kwenye mwanga: ule utando mweusi una madoa meupe ya ukungu, na duara zima limechimbika mstari. Ukungu wote umehamia kwenye kichwa cha kusomea. Tangu hapo hata flopi zangu mwenyewe nzima nikizitia, zinachubuka. Kwa hivyo si pesa tu alizokula, kaniulia draivu.

Nimempigia. "Dada, mashine yako mbovu." Mashine yangu! Nimepiga tena, kanizuia. Nimemtuma kijana wangu dukani, kaambiwa mwenyewe kasafiri, na mwenyewe yumo ndani anasikika anakohoa.

Huyu ni wa kupelekwa polisi Madema akalale ndani, na ile leseni yake, kama anayo, ichanwe. Mtu anaeuza samaki alieoza anamwagiwa biashara yake, kwa nini huyu aachwe? Sheha wake keshaambiwa. Na yule mzee wa tasbihi nae asisahauliwe, wachukuliwe wote wawili kwa gari moja.

Haya, za kuangalia, maana mnaniuliza kwenye simu mpaka nimechoka. Flopi ya 1.44 ina matundu mawili, moja lina kijiti cha kusogeza, la pili liko wazi upande wa pili. Hili la wazi litazameni vizuri. Zake zimetobolewa kwa chuma cha moto, ukingo umeyeyuka na umeganda kipele. Ni flopi za kilobaiti 720 zilizotobolewa ili kompyuta izione za 1.44. Utando wake si wa kazi hiyo, unaandikika dukani ukafurahi, halafu maandishi hayakai. Ndio maana jaribio lake linafaulu kila siku! Na nailoni isikudanganyeni, kuna mashine za kubana nailoni kila kona. Na akikwambia "za kiwandani mwaka huu", ondoka. Sony wenyewe waliacha kuziuza Japani Machi 2011. Zilizopo duniani ni akiba ya zamani, na hakuna ubaya kuuza akiba ya zamani ukisema ni ya zamani. Mengine sikumbuki, nna hasira.

Mwenye draivu ya flopi ya ndani, ile ya waya wa pini 34, nzima, anitafute. Hata kama uko Pemba, nauli ya boti juu yangu. Ila tunaijaribu kwa flopi yangu mimi, inalala nayo mpaka asubuhi, ndio pesa inatoka.